Karatasi Haina Kushoto

Kanyakine, Meru
8 Machi 1987

Baba mdogo Nyamu,

Ni mimi Felicitas, binti ya marehemu ndugu yako Gitari. Usishtuke, hakuna aliyekufa. Anwani yako nimepewa na mwalimu mwenzangu ambaye kwao ni huko Ishiara, na anasema visu vyako vinajulikana mpaka ng'ambo ya mto Thuci.

Sisi hatujambo. Goti la mama linamsumbua wakati wa mvua. Ng'ombe amezaa ndama jike, kahawa imechanua, na mimi nafundisha sayansi kimu, yaani upishi, ushonaji, na kuwapigia wasichana kelele wakate kucha. Mama hajatuma salamu, lakini hajanikataza kuzituma, kwa hivyo nimezituma.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu baada ya miaka yote hii. Naolewa. Mwenyewe anaitwa Koome, karani katika chama cha ushirika cha kahawa, mtu mrefu, mpole, anayekula polepole mpaka chai inapoa. Harusi ni Jumamosi tarehe 19 Desemba. Nina maombi mawili kwako.

La kwanza ni kisu. Baba aliacha kisu ambacho sijaona kingine cha sura ile. Mgongo wake unatoka mpinini umenyooka, kisha karibu na ncha unainama kidogo tu, kama mtu anayesalimia mkubwa. Tumbo limejaa. Upande mmoja ni bapa kabisa, na upande wa pili una mteremko unaoshika mwanga wa dirishani. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakigeuzageuza mpaka mama ananinyang'anya. Sasa kimenolewa mpaka kimekonda. Wenzangu wakiolewa huazima kisu cha keki kilichofungwa utepe, kimenyooka kama rula, hakina tumbo wala mgongo. Mimi nataka kukata keki yangu na kisu cha kwetu. Nimelaza cha baba juu ya karatasi ya daftari nikakizungushia penseli. Karatasi ni hii, naomba unifulie kingine cha sura hii hii.

La pili ni wewe mwenyewe. Baba hayupo, na nataka wewe ndiye unipeleke mpaka mbele ya kanisa. Mama ameniambia nisijisumbue. Nimemjibu kwamba mtu hawezi kukataa kabla hajaulizwa. Haya, nimekuuliza.

Binti yako,
Felicitas

---

Ishiara, Embu
2 Mei 1987

Mwanangu Felicitas,

Barua yako ilikaa posta zaidi ya mwezi kwa sababu mimi siendi posta. Nani huniandikia? Karani ndiye aliyemkuta mke wangu Wambeti sokoni akamwambia, mumeo ana barua kutoka Meru na imeanza kuzeeka.

Huku tuko. Mvua ilikuja kwa fujo, ikasahau njia, ikarudi. Ndengu zimetoka vizuri. Mbuzi wamezaa mapacha mara mbili. Wambeti anakusalimu sana na anauliza kama huyo Koome ana meno yote, maana mtu hali polepole bure.

Hilo la keki nimeliuliza kwa watu. Nimeambiwa ni mkate mtamu uliopakwa kitu cheupe. Mwathani, Mungu wangu! Yaani nichochee moto, nipige nyundo, nipige tupa siku nne, ili mtu akate mkate ambao hata kwa uzi unakatika? Lakini umenifurahisha kwa jambo moja. Watu wengi hutazama kisu kama wanavyotazama kijiko. Wewe umeona mgongo, umeona tumbo, umeona mwanga. Hiyo hukufundishwa na mwalimu.

Sikiliza nikupe somo. Kisu ambacho mgongo wake umenyooka mpaka mwisho ni cha kazi, hakina maringo. Mgongo ukibonyea karibu na pua na pua yenyewe ikainuka, hicho ni cha kuchuna ngozi, na kinajua kwamba ni kizuri. Kuna cha nundu, kizito mbele, hicho ni dume la ng'ombe. Kuna cha jani, kinachokata pande zote mbili na kina mfupa katikati. Ukikishika juani, nusu inang'aa na nusu iko gizani, na ukikigeuza zinabadilishana zamu. Nikimaliza cha namna hiyo huwa nakaa nacho siku mbili kabla sijakipeleka sokoni. Wambeti ananicheka, ananiuliza kama nitakiposa.

Halafu kuna kunoa kwenyewe. Mteremko ukianzia mgongoni mpaka makalini, kisu kinaonekana kimevaa kanzu. Ukianzia katikati, unabaki mstari mmoja kutoka mpinini hadi nchani, na huo mstari ndio sura ya fundi. Ukiyumba hata unywele, mimi narudisha chuma motoni. Fundi mwingine angekipaka mafuta akuuzie.

Hiki chako nitakifua. Lakini pua hiyo iliyoinama imepitwa na wakati. Watu wa siku hizi wanataka pua juu. Nikuinulie?

Mengine tutaongea.

Ni mimi baba yako mdogo,
Nyamu

---

Kanyakine
17 Mei 1987

Baba mdogo,

Barua yako imesomwa mara tatu katika nyumba hii. Mara mbili na mimi, na mara moja na mtu ambaye sitamtaja, aliyeisoma wakati nimeenda kukama. Nimejua kwa sababu ilikuwa na unga wa ugali.

Tuko wazima. Ndama tumemwita Meno kwa heshima ya Mama Wambeti. Koome anayo yote thelathini na mawili, nimemhesabia. Anasema anakula polepole kwa sababu kwao walikuwa ndugu wanane na kaka mkubwa alikuwa akiwachungulia sahani.

Pua isiinuliwe! Tafadhali. Nimechora zote mbili ubaoni, wasichana wa darasa la nane wakapiga kura, na iliyoinama ilishinda kwa mbali. Mmoja alisema ile iliyoinuka ina kiburi. Halafu nataka mteremko uanzie katikati, ule wenye mstari.

Sasa baba mdogo, mimi ni mwalimu. Nikiuliza maswali mawili nikajibiwa moja, natoa nusu ya alama. "Mengine tutaongea" si jibu. Utakuja tarehe 19 Desemba au hutakuja?

Mama akiulizwa anasema, "Huyo hata kwenye mazishi hakuja, atakuja kwenye keki?" Sijui mlikosania nini na baba. Nilikuwa na miaka sita tulipohama Ishiara, na kila nikiuliza naletewa chai. Sikuulizi leo. Nauliza Desemba tu.

Binti yako,
Felicitas

---

Ishiara
28 Juni 1987

Mwanangu Felicitas,

Salamu kutoka kwenye vumbi. Tumevuna ndengu, tumevuna mtama kidogo, ndege wamevuna zaidi yetu. Wambeti amefurahi ndama kupewa jina kwa heshima yake na anasema sasa ni lazima Koome amlipie Meno soda.

Kisu ndicho hiki. Kimetoka kwenye springi ya lori, chuma kisichojua kuchoka. Kitoe kwenye gunia polepole, kisha nenda nacho dirishani kabla hujakionyesha mtu. Kishike ukinyoosha mkono, mgongo juu. Uone unavyotembea mpaka pale unapoinama. Pale nilipiga nyundo tatu tu, nikaacha, maana ya nne ingeharibu. Sasa kigeuze ukitazame ubavuni. Ule mstari unaanza mnene, unakwenda ukijificha, na unaishia nchani penyewe. Nimeutia tupa, nikautia jiwe la mto, nikautia majivu na kitambaa. Siku tatu kwa mstari mmoja. Nimejivuna, na sitaki kuambiwa nisijivune.

Karani wa posta amenichosha. Unajua kwetu kisu hakipewi mtu mkononi. Unakiweka chini, mwenzako anakiokota mwenyewe, ndiyo heshima. Basi kijana ananyoosha mkono nimpe parseli, mimi naiweka mezani. Anaisukuma kwangu, ananyoosha mkono tena. Naiweka tena mezani. Watu wa foleni wakaanza kupiga miluzi. Mwisho akaiokota, akasema wazee wa huku Mbeere tuna mambo.

Karatasi yako nimebaki nayo. Kuna jambo nimeliona kwenye huo mstari wa penseli, lakini acha.

Kuhusu lile la Desemba, mbuzi wangu mmoja anakohoa.

Baba yako mdogo,
Nyamu

---

Kanyakine
12 Julai 1987

Baba mdogo,

Pole kwa mbuzi. Natumaini atakuwa amepona kufikia Desemba, kwani imebaki miezi mitano.

Kisu, lo! Nilifanya ulivyoniagiza, nikaenda dirishani peke yangu. Nilisimama hapo mpaka sufuria ya maziwa ikafurika. Nimekipeleka shuleni, na mwalimu mkuu mwenyewe, mtu asiyesifu kitu, alikigeuza mara nne akasema, "Hiki hakifai kukatia kitu, kinafaa kutazamwa." Koome alipitisha kidole juu ya ule mstari mara mbili, na Koome akirudia kitu ujue amependa.

Lakini baba mdogo, nisamehe, kuna tatizo. Nilinunua mkate mzima nifanye mazoezi ya keki. Kipande cha kwanza kilitoka kinene juu, chembamba chini. Cha pili hivyo hivyo. Kisu kinakimbilia nje, hakitaki kwenda sawa. Nikafikiri ni mikono yangu, mawazo yako kwenye harusi. Nikachukua cha baba, kile kilichokonda, nikakata. Kipande kikatoka sawasawa.

Nikaviweka viwili mezani, mgongo na mgongo, ndipo nikaona. Cha baba kimenolewa upande wa kushoto. Chako umekinoa upande wa kulia. Mimi ni mashoto, baba mdogo. Naandika kwa kulia kwa sababu mwalimu wa darasa la kwanza alinifunga mkono wa kushoto na kitambaa mwaka mzima, lakini kisu nilifundishwa na baba, naye alikuwa mashoto kama mimi.

Nilimwita mama aone. Alicheka mpaka akashika goti. Akachukua vile visu viwili, akavibandika bapa kwa bapa. Vikawa kisu kimoja, chenye mteremko huku na huku. Akasema, "Muulize ala ya visu hivi iko wapi." Nikamuuliza ala gani, akanitengenezea chai.

Kwa hivyo nakuuliza. Ala iko wapi? Na Desemba?

Felicitas

---

Ishiara
25 Julai 1987

Felicitas,

Hatujambo.

Karatasi haina kushoto wala kulia. Ukikizungushia kisu penseli unapata umbo tu, upande haujulikani. Ungeandika. Mimi nilitazama mwandiko wako, umelalia kulia vizuri, nikasema huyu ni mtu wa kulia. Kosa ni la karatasi.

Mwambie mama yako mambo ya ala ni ya zamani.

Nyamu

---

Kanyakine
20 Septemba 1987

Baba mdogo,

Hatujambo, kahawa imeanza kuiva, Meno ameachishwa ziwa na analia usiku kucha.

Niliandika mwezi wa nane, hukujibu. Sikukasirika. Yaani nilikasirika, nikamaliza. Hata sitaki tena kujua habari ya ala.

Nakuandikia jambo moja tu. Padri anaandika majina, anataka jina la atakayenileta kanisani. Wajomba zangu wa Meru ni wengi na wote wamenunua makoti. Nimewaambia hapana. Nimemwambia padri aache nafasi wazi. Usipokuja nitatembea peke yangu, na keki nitaikata na kile kilichokonda. Sikutishi, nakuarifu tu, kwa sababu ukisikia kutoka kwa watu utaambiwa vingine.

Kisu chako kiko ukutani karibu na dirisha. Asubuhi jua likiingia kinang'aa mstari mzima. Bado ni kizuri kuliko chochote katika nyumba hii.

Binti yako,
Felicitas

---

Ishiara
11 Oktoba 1987

Mwanangu mpenzi,

Wambeti ameniambia nikimaliza kula bila kuandika barua hii, kesho nipike mwenyewe. Kwa hivyo naandika. Nimechana tatu kabla ya hii.

Nilikudanganya kuhusu karatasi. Mimi nilijua kisu kile kimenolewa kushoto. Nilijua siku ile ile nilipofungua barua yako, kabla hata sijamaliza kusoma.

Babu yako Ndambiri alikuwa mhunzi. Springi moja ya lori aliikata vipande viwili, akafua visu viwili vya umbo moja, kimoja akakinoa kushoto kwa ajili ya Gitari, kingine kulia kwa ajili yangu. Mipini aliichonga bapa upande mmoja. Akashona ala moja ya ngozi ya ng'ombe, visu vinaingia pamoja bapa kwa bapa, na ukiona ala unafikiri ndani mna kisu kimoja. Alisema mwenye kutaka chake lazima amtafute mwenzake. Tulikwenda nayo sokoni miaka na miaka, leo inafungwa kiunoni mwake, kesho kwangu.

Halafu nikaharibu. Ilikuwa siku ya soko hapa Ishiara, mwaka 1967, watu wamejaa. Wazazi wa mama yako walikuwa wameshuka kutoka Meru kuwatembelea, wamesimama pale pale. Mimi nilikuwa kijana wa mdomo. Nikapaza sauti niite wanunuzi. Nikasema, njooni kwangu, hivi ni visu vya watu, vya ndugu yangu vimenolewa kinyume kama mwenyewe alivyozaliwa kinyume. Soko zima likacheka. Hata baba mkwe wake akacheka, maskini, bila kujua anavyomuumiza mkwewe. Gitari akasimama. Akafungua ala kiunoni, akachomoa chake, akaiweka ala chini mbele yangu na kisu changu ndani. Akakunja gunia. Mwezi uliofuata mlihamia kwa kina mama yako.

Hicho ndicho kisa. Maneno ya dakika moja. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitapanda kwenda kumwomba msamaha, na kila mwaka ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu mwaka mwingine ulikuwa umeongezeka. Alipofariki nilisikia kwenye matangazo ya redio. Nilivaa koti. Nilifika mpaka Embu mjini, nikakaa kwenye benchi nje ya duka la viatu mpaka jioni, nikarudi. Sikuweza kufikiria mama yako anitazame usoni. Wambeti nilimwambia gari zilijaa.

Sasa karatasi yako. Ilipofika nilipanda darini nikashusha ala. Kisu changu kinachezacheza humo, kinagonga. Nikakitoa nikakilaza juu ya mchoro wako. Changu kilizidi mstari wa penseli upana wa ukucha, tumboni kote. Visu hivyo vilizaliwa sawa, Felicitas. Kumbe yeye alikuwa akikitumia. Miaka yote, alikuwa akikinoa, anakitumia, anakinoa. Mimi changu nilikificha nyuma ya mzinga uliopasuka nisikione. Nililia kama mtoto, na Wambeti akanikuta hapo.

Nilikifua chako nikitazama changu. Kufika kwenye kunoa, nilikishika upande wa kushoto, tupa ikawa nzito. Nikaona nafanya kisu cha Gitari baada ya kumcheka soko zima likisikia, nikaona aibu hata mbele ya chuma. Nikageuza, nikanoa kulia. Ndiyo kosa lenyewe. Si la karatasi.

Nimeanza kingine. Nakinoa kushoto, na kwa sababu mkono wangu wa kulia haujui njia ya huko, tupa naishika kwa kushoto. Nimejikata vidole viwili. Mstari umeyumba mara mbili, nimerudisha motoni mara mbili. Gitari angenicheka, na angekuwa na haki yake.

Kuja ningependa. Ningependa sana. Lakini nyumba ni ya mama yako. Msomee barua hii yote, usiruke chochote, hata pale pa baba yake. Akisema nisije, kisu nitakituma kwa posta, na sitakasirika.

Baba yako mdogo,
Nyamu

---

Kanyakine
25 Oktoba 1987

Baba mdogo,

Nimemsomea. Sikuruka kitu.

Alikuwa anachambua kunde. Nilipofika pale pa benchi nje ya duka la viatu aliacha kuchambua. Nilipomaliza aliusukuma kando ungo wa kunde, mimi nikafikiri basi, imekwisha. Halafu akafuta macho na kitambaa cha kichwa na akasema maneno haya, nakuandikia kama alivyoyasema:

"Mwambie asije Jumamosi kama mgeni. Aje Alhamisi. Kuna wanawake arobaini wanakuja kumenya viazi na ndizi, na visu vyao vyote havikati hata siagi. Aje na tupa."

Nikamuuliza, ndiyo umemsamehe? Akasema, "Nimesema aje na tupa. Unataka niseme mara ngapi?"

Baadaye, tukifunga kuku, akaniambia kitu kingine. Baba alikuwa akinoa kisu chake kila Jumapili baada ya kanisa, hata wiki ambazo hakikutumika. Akimwuliza mbona unakimaliza, alikuwa anasema, "Nyamu naye saa hii ananoa." Alidhani unanoa, baba mdogo.

Jina lako padri ameshaandika. Kisu usitume kwa posta, hasha, yule karani amepata taabu ya kutosha. Na uje na Mama Wambeti, Koome amejiandaa kukaguliwa meno.

Binti yako anayekungoja,
Felicitas

---

Ishiara
3 Januari 1988

Mwanangu Felicitas, na mkwe wangu Koome mla polepole,

Tulifika salama. Mbuzi wote wapo, hata yule wa kukohoa, ambaye nakiri sasa kwamba hakuwahi kukohoa. Wambeti tangu turudi haongei habari nyingine ila keki. Amemweleza kila jirani kwamba ile nyeupe ya juu inayeyuka yenyewe mdomoni. Anataka nimjengee tanuri.

Mimi bado mkono unauma. Wanawake arobaini, mama yako alisema. Walikuwa sitini na wawili. Nimenoa visu ambavyo sijui vilikuwa visu au vipande vya bati. Kulikuwa na kimoja cha bibi mmoja wa Mikinduri, kimeliwa na jiwe mpaka kimekuwa mwezi mwandamo, na nikitazama mgongo wake nikaona fundi wake alikuwa mtu hodari. Nilikinoa polepole. Mama yako akaniletea chai pale chini, akaiweka kwenye kigogo, akasimama. Nikafikiri sasa ndio nitaambiwa. Akasema, "Hicho ni cha mke wa katekista, usikikwaruze." Akaenda zake. Ile chai ilikuwa na maziwa mengi kuliko ya watu wengine. Nililinganisha.

Padri wako aliniambia mzazi hukaa kushoto kwa bibi harusi. Nilimwambia padri, samahani, huyu upande huo anauhitaji. Nikakaa kulia. Tulitembea, na wewe ukanikanyaga mara mbili, lakini tulifika. Na ulipoinua kile kisu kipya kwa mkono wako wa kushoto, mbele ya wajomba wote na makoti yao, kipande kikatoka kimesimama sawasawa kama ukuta, watu wakapiga makofi wakidhani wanapigia keki. Mimi nilijua wanapigia nini. Ule mstari, ukiutazama vizuri, umeyumba kidogo karibu na mpini. Sikuurudisha motoni. Mkono wangu wa kushoto ni mwanafunzi, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza.

Asubuhi ya Jumapili, kabla hatujaondoka, ulitoka jikoni na kile cha baba yako kilichokonda. Ulikiweka mezani mbele yangu, ukarudi kuosha vyombo. Mama yako alikuwa anatazama. Nilikaa nacho hapo mpaka akaniambia, "Kiokote basi, utachelewa gari." Nikakiokota.

Jana nilishusha ala. Nimeipaka mafuta, ngozi ilikuwa imekauka. Nikachomeka changu, nikachomeka cha Gitari, bapa kwa bapa. Nikaitikisa karibu na sikio. Kilikuwa bado kinacheza kidogo, upande wake, pale kilipoliwa na jiwe Jumapili zote zile.

Nikachukua ile karatasi yako ya penseli, nikaikunja mara nne, nikaiingiza hapo.

Sasa hakichezi.

Baba yako,
Nyamu